Gari Moja, Vituo Vichache: Uchambuzi wa Kisa cha Huduma Mkoba ya Meno kwa Watoto na Wazee wa Kipato cha Chini

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu timu ndogo ya huduma mkoba ya meno iliyofanya kazi kwa gari moja, ikihudumia shule za msingi katika maeneo ya watu wa kipato cha chini, makao ya wazee, na vituo vya mchana ambako wazee wanaoishi na familia zao hukusanyika. Majina ya watu, taasisi na mahali yameondolewa. Idadi ya wagonjwa nayo imeondolewa kwa makusudi, kwa kuwa mtu anayeifahamu kazi ya aina hii angeweza kuitambua timu kwa takwimu zake tu. Yaliyobaki ni matukio kwa mfuatano wake, maamuzi yaliyofanywa na sababu zake.

Usuli

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu bilioni 3.5 hivi duniani wana ugonjwa fulani wa kinywa, na kwamba watoto wapatao milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza na ambayo hayajatibiwa. Mzigo huo huwaelemea zaidi wasio na kipato, na miongoni mwao watoto na wazee wana shida moja inayofanana: hakuna hata mmoja wao anayeweza kujipeleka kliniki. Mtoto humtegemea mzazi ambaye siku asiyofanya kazi ni siku asiyolipwa. Mzee humtegemea ndugu au mlezi mwenye majukumu mengine, na mara nyingi huficha maumivu yake ili asimsumbue mtu. Hata pale matibabu yanapotolewa bure, nauli na siku iliyopotea hubaki kuwa gharama ya kweli, na gharama hiyo ndiyo iliyoipa timu hii sababu ya kuwafuata wagonjwa walipo.

Timu ilikuwa na daktari wa meno mmoja, tabibu wa meno mmoja, muuguzi mmoja, na dereva ambaye pia alishughulikia jenereta na kompresa ya hewa. Ndani ya gari mlikuwa na kiti kimoja cha matibabu, mashine ya eksirei, tanki la maji safi na jingine la maji machafu, otoklevu ndogo (chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke), na lifti ya kumpandisha mgonjwa aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mfadhili alitoa fedha za mwaka mmoja na kutaka taarifa ya mambo mawili: idadi ya vituo vilivyofikiwa na idadi ya watu walioonwa. Ratiba ya kwanza ilipangwa kwa kuyafuata masharti hayo, kila kituo kikipewa ziara moja na gari likiendelea na safari. Watoto waliwekwa asubuhi na wazee mchana wa siku ileile, kwa hesabu kwamba gari likishafika eneo moja ni busara kulimaliza lote.

Mzunguko wa kwanza

Kazi ya asubuhi ilienda vizuri kwa kiasi fulani. Watoto walichunguzwa darasani kwa mwanga wa tochi ya kichwani, wakapakwa vanishi ya floraidi, dawa ya kukinga meno yasioze, na wale waliohitaji matibabu wakaandikwa majina ili wapelekwe garini. Hapo ndipo foleni ilipoanza. Kiti kilikuwa kimoja, na mtoto mmoja mwenye hofu aliweza kuchukua muda wa watoto watatu watulivu. Ilipofika saa ya wazee, orodha ya watoto ilikuwa haijafika hata nusu, na wazee walikuwa wameshawasili mapema, wamekaa kwenye viti vya plastiki nje ya gari wakisubiri.

Umeme nao ulileta shida ambayo mpango haukuitarajia. Otoklevu inahitaji kufikisha nyuzijoto 121 na kuzishikilia kwa dakika 15, au nyuzijoto 134 kwa dakika 3, na kabla ya hapo kuna muda wa kupasha moto na baada yake muda wa kukausha. Kila kompresa ilipowaka wakati otoklevu inafanya kazi, jenereta ilizidiwa, mzunguko wa utakasaji ukakatika, na vifaa vikalazimika kuanza upya. Muuguzi alikataa katakata kutumia vifaa ambavyo mzunguko wake haukukamilika. Alifanya sawa, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mchana timu iliishiwa vifaa huku wagonjwa wakiwa bado wapo.

Kwa wazee, tatizo kubwa halikuwa meno bali taarifa. Mzee mmoja aliyehitaji kung'olewa gego alitaja kwa kupita tu kwamba anameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Jina la dawa hakulijua, na aliyemleta hakulijua pia. Baadaye ilibainika kuwa ni warfarini. Miongozo inayotumiwa Uingereza, ambayo daktari wa timu alikuwa ameizoea, huruhusu kung'oa bila kusimamisha warfarini iwapo kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kiko chini ya 4 na kimefanywa ndani ya saa 24, au ndani ya saa 72 kwa mgonjwa ambaye kipimo chake huwa kimetulia. Kipimo hakikuwepo. Mzee alirudi makaoni na jino lake, na hakuwa peke yake: wengine walikutwa na shinikizo la damu la juu ya 180 kwa 110, kiwango ambacho kwacho matibabu yasiyo ya dharura huahirishwa, na wengine walikuwa na kisukari ambacho hakuna aliyejua kama kimedhibitiwa. Katika ratiba ya ziara moja, neno "kuahirishwa" lilikuwa na maana ya kukataliwa.

Siku moja ya mzunguko huo ilileta dharura ya kweli. Mtoto mmoja alikutwa darasani akiwa na shavu lililovimba na homa kutokana na usaha wa gego la utotoni. Daktari hakujaribu kumtibu garini. Alimpigia simu mzazi, akamwomba mwalimu mkuu atafute usafiri, na mtoto akafikishwa hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe unaosambaa usoni kwa mtoto mwenye homa ni jambo la hospitali, na kuusukumia dawa ya ganzi ndani ya gari kungekuwa kucheza na uhai wake.

Wengine waliohitaji huduma ya juu zaidi walipewa karatasi ya rufaa. Timu ilipouliza hospitali wiki kadhaa baadaye, waliofika walikuwa wachache mno.

Uamuzi wa kurudi

Katikati ya mwaka timu iliketi kutathmini. Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kuongeza kasi: kununua kiti cha pili, kupunguza muda wa kila mgonjwa, na kubaki na idadi ileile ya vituo. Tabibu wa meno ndiye aliyelipinga, na hoja yake ilihusu dawa wanazotumia zaidi kuliko uchovu wa wahudumu. Vanishi ya floraidi hufaa ikipakwa angalau mara mbili kwa mwaka. Silva daiamini floraidi, dawa ya maji yenye nguvu ya asilimia 38 ambayo husimamisha uozo bila kuchimba jino, hufanya kazi vizuri zaidi ikirudiwa kila baada ya miezi sita kuliko ikipakwa mara moja kwa mwaka. Magego ya kwanza ya kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, na hayawezi kuzibwa mifereji yake kwa kinga kabla hayajatokeza vya kutosha, kwa hiyo mtoto ambaye gego lake bado limefunikwa na fizi leo anahitaji kuonwa tena. Kwa maneno mengine, karibu kila kitu kilichokuwa ndani ya kabati la dawa kilidhani kwamba timu itarudi, ilhali ratiba ilidhani kwamba haitarudi.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa kupunguza vituo hadi nusu na kurudi katika kila kilichobaki mara kwa mara. Siku za watoto zilitenganishwa na siku za wazee. Kwa watoto, kazi nyingi ilihamishiwa darasani kwa kiti cha kukunjwa na vifaa vya mkono, na gari likabaki kwa ajili ya eksirei na kung'oa. Kwa wazee wa makao, timu iliingia ndani hadi vitandani. Utakasaji ulihamishiwa makao makuu ya timu usiku, vifaa vikibebwa kwa seti zilizofungwa zinazotosha siku nzima na vilivyotumika vikirudi katika sanduku linalofungwa, hivyo otoklevu ya garini ikawa ya akiba.

Mfadhili hakufurahi. Aliandikiwa barua ya kurasa mbili iliyoeleza sababu, akakubali kwa sharti kwamba idadi ya watu walioonwa isipungue. Sharti hilo lilileta tatizo lake, nalo limejadiliwa chini.

Matibabu bila kuchimba

Mabadiliko ya kwenda darasani yaliwezekana kwa sababu ya mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, ambayo asili yake ni Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Uozo laini hukwanguliwa kwa kijiko kidogo cha meno na tundu likazibwa kwa glasi ayonoma, saruji inayojishikiza yenyewe kwenye jino na kutoa floraidi taratibu. Hakuna umeme unaohitajika, wala mlio wa mashine, na mara nyingi wala sindano. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza glasi ayonoma na silva daiamini floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, jambo lililoisaidia timu kuzitetea mbele ya wale waliodhani kwamba ni tiba ya daraja la pili kwa maskini. Amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine wa kuziba meno, haikubebwa kabisa. Wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki walikwishakubaliana mwaka 2022 kutoitumia kwa meno ya utotoni na kwa watoto wa chini ya miaka 15, na zaidi ya hayo hakuna aliyetaka kusafirisha taka za zebaki barabarani.

Mbinu hii ina mpaka wake, na timu iliujua tangu mwanzo. Tundu la upande mmoja wa jino hudumu vizuri, lakini tundu linalogusa pande mbili au zaidi katika jino la utotoni huachia saruji mara nyingi. Kwa magego ya namna hiyo daktari alitumia kofia za chuma zinazosukumwa juu ya jino bila kuchimba wala ganzi, zikiufungia uozo ndani mpaka ukose chakula. Kofia hizo mara nyingine huhitaji vipira vya kutenganisha meno viwekwe siku chache kabla. Katika ratiba ya zamani hilo lisingewezekana. Katika ratiba mpya lilihitaji tu kuwa timu ilale karibu na irudi baada ya siku tatu au nne.

Ridhaa

Sehemu hii ndiyo iliyochukua muda mwingi kuliko matibabu yenyewe, na ndiyo ambayo mipango mingi huiandikia sentensi moja.

Fomu za mwanzo zilikuwa ndefu, zenye lugha ya kisheria, na zilimwomba mzazi akubali "matibabu yote yatakayoonekana kuwa ya lazima". Nyingi hazikurudi. Mwalimu mkuu mmoja, aliyekuwa na nia njema na aliyeona watoto wakirudishwa madarasani bila kuguswa, alipendekeza kwamba mzazi asiyejibu ahesabiwe amekubali. Daktari alikataa. Aliona kwamba fomu isiyorudi inaweza kuwa imepotea njiani, inaweza kuwa imefika kwa mtu asiyesoma, inaweza kuwa imefika kwa bibi anayemlea mtoto huku akijiuliza kama ana haki ya kutia saini, na inaweza pia kuwa ni kukataa kwa heshima. Katika hali zote hizo nne hakuna hata moja ambayo ni ridhaa.

Badala yake fomu iligawanywa. Ukurasa wa kwanza uliomba ruhusa ya kuchunguza na kupaka vanishi tu, kwa maneno machache ambayo mwalimu angeweza kumsomea mzazi mlangoni. Ruhusa ya matibabu iliombwa baadaye, baada ya uchunguzi, kwa simu iliyopigwa na muuguzi mbele ya mwalimu kama shahidi, ikitaja jino lipi na litafanywa nini. Mzazi aliyeelezwa kwamba gego moja la chini kulia lina tundu na litazibwa bila sindano alikuwa na jambo la kulijibu. Ilionekana pia kwamba simu za jioni zilipokelewa na za mchana hazikupokelewa, kwa hiyo muuguzi akabadilishiwa saa za kazi siku mbili kwa wiki. Kuhusu mlezi asiye mzazi, timu ilifuata utaratibu wa shule wa kumtambua mlezi anayewajibika, na pale utaratibu ulipokuwa na shaka ilitoa vanishi kwa idhini ya maandishi tu na kusubiri kwa mengine.

Ridhaa ya mtoto mwenyewe nayo ilizingatiwa. Mtoto aliyefunga mdomo hakushikwa. Aliachwa akae na kuangalia wenzake, akarudi ziara iliyofuata, na wengi wao wakafungua mdomo safari ya pili. Ratiba ya ziara moja haina safari ya pili, na ndiyo maana inazaa kulazimisha.

Hata hivyo fomu mpya ilikuwa na pengo lililojitokeza kwa mama mmoja. Silva daiamini floraidi hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi, na weusi huo haufutiki. Fomu ililieleza hilo kwa maandishi, na mama aliikubali kwa simu pia. Mtoto aliporudi nyumbani na meno mawili ya mbele yenye madoa meusi, mama alikuja shuleni kesho yake akiwa na hasira, akisema kwamba alidhani ni kidoa cha kalamu kitakachooshwa. Daktari alimpokea, akamweleza kwamba uozo umesimama, na akajitolea kufunika madoa kwa glasi ayonoma katika ziara iliyofuata, jambo ambalo lilifanyika. Kuanzia hapo muuguzi alibeba picha za meno kabla na baada ya dawa, na kwa meno ya mbele ridhaa ikawa ya ana kwa ana, si ya simu. Wapo wazazi walioziona picha na kukataa, na kwa maoni yangu kukataa kwao ni dalili kwamba ridhaa sasa ilikuwa inafanya kazi yake.

Wazee na meno ya bandia

Kwa wazee wa makao, timu ilikuja na mpango wa kusimamisha uozo wa mizizi, kuondoa ugaga, na kung'oa meno yaliyolegea. Wazee walikuwa na mpango wao. Wengi walitaka meno ya bandia, ama mapya ama yale ya zamani yarekebishwe ili yasiwaumize fizi, kwa sababu kinachowasumbua ni kula na kuzungumza mbele za watu. Mzee mmoja alimwambia tabibu, "Mwanangu, hilo jino unaloliziba silitumii. Nitafunie nini nalo peke yake?"

Meno ya bandia hayatengenezwi kwa siku moja. Kuna kuchukua alama ya fizi, kupima namna taya zinavyokutana, kujaribisha meno yakiwa kwenye nta, kuyakabidhi, kisha kuyarekebisha pale yanapochubua. Hizo ni ziara nne au tano, na kila moja hutegemea maabara ya meno inayopokea kazi na kuirudisha kwa wakati. Timu haikuwa na maabara. Ilikubaliana na moja ambayo ingepokea kazi chache kila mwezi, kwa hiyo ikabidi ichague nani aanze. Kigezo kilikuwa uwezo wa kula: aliyekuwa anapungua uzito kwa kukosa kutafuna alitangulia aliyetaka meno kwa ajili ya sura. Uamuzi huo ulilalamikiwa. Nadhani ulikuwa wa haki, ila ulistahili kutangazwa kabla ya kuchukua alama za fizi za mtu yeyote, si baada.

Jambo jingine lilionekana vitandani ambalo lisingeonekana garini. Meno ya bandia yaliyokuwepo yalikuwa yakilala mdomoni usiku, hayakuoshwa siku kadhaa, na chini yake fizi za juu zilikuwa nyekundu kwa fangasi. Wazee wengi walikuwa na vinywa vikavu kutokana na dawa za shinikizo la damu, za usingizi au za huzuni, na kinywa kikavu huoza haraka kwa sababu mate ndiyo kinga yake ya kwanza. Kwa wasioweza kujihudumia kuna hatari nyingine, kwa kuwa bakteria wa kinywa kichafu huvutwa mapafuni na kuchangia nimonia. Tabibu alianza kutumia nusu ya siku yake kuwafundisha walezi wa makao: kutoa meno ya bandia usiku na kuyaosha kwa brashi na sabuni, kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi meno yaliyobaki ya mzee asiyeweza mwenyewe, kumweka mzee mkao wa kuinama mbele kidogo ili asipaliwe, na kuandika jina la mwenye meno kwenye kila bakuli. Hilo la mwisho linaweza kuonekana dogo. Katika makao haya seti mbili zilikuwa zimebadilishana wenyewe, na hakuna aliyejua kwa muda gani.

Orodha ya dawa za kila mzee ilitayarishwa na muuguzi wa makao kabla ya kila ziara. Pamoja na dawa za damu, ilitafuta hasa dawa za mifupa za kundi la bisfosfoneti, kwa sababu mgonjwa anayezitumia anaweza kupata kifo cha mfupa wa taya baada ya kung'olewa jino, na kwake ni afadhali mzizi uachwe na usafishwe kuliko kuondolewa. Yule mzee wa warfarini alipata kipimo chake kwa utaratibu huo na gego lake likatolewa katika mzunguko wa pili, jeraha likashonwa na akakaa chini ya uangalizi kabla ya kurudi chumbani.

Rufaa

Karatasi ya rufaa iliachwa. Hospitali ilikubali kutenga nafasi chache katika siku moja ya kila wiki, muuguzi akawa anapiga simu siku moja kabla, na fungu dogo la nauli likatolewa kwenye bajeti ya mafuta ambayo haikutumika tena kwa vituo vilivyopunguzwa. Mahudhurio yaliongezeka kwa kiasi kilichoonekana bila kuhesabu. Kilichobaki kigumu kilikuwa watoto waliohitaji kutibiwa chini ya usingizi, kwa kuwa foleni ya chumba cha upasuaji haikuwa mikononi mwa timu wala mwa mtu aliyeketi nayo mezani.

Matokeo

Mwisho wa mwaka, shule zilizobaki zilikuwa na watoto wengi waliopata vanishi mara mbili na waliokamilishiwa matibabu, tofauti na mwanzo ambapo wengi walibaki na mpango wa matibabu ulioandikwa tu. Kung'oa kulipungua kuhusiana na kuziba. Baadhi ya wazee wa makao walipata meno ya bandia, na wengine zaidi walipata yale ya zamani yakiwa yamerekebishwa. Shule moja ilijitoa kwa kuwa ziara za kurudia ziliingilia mitihani, na timu ilikuwa haijamuuliza mtu yeyote kuhusu kalenda yake.

Waliopoteza walikuwa wazee wa vituo vya mchana. Vituo hivyo ndivyo vilivyopunguzwa kwanza, kwa sababu mahudhurio yake hayatabiriki na orodha ya dawa haikuwa rahisi kupatikana kutoka kwa familia nyingi tofauti. Hao ndio hasa ambao hawana muuguzi wa makao, hawana mwalimu wa kuwapigia simu, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiwafuata.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi kilikuwa kulinganisha ratiba na tabia ya tiba. Timu haikuwa na kiti cha pili garini wala mhudumu mpya katika nusu ya pili ya mwaka, na mabadiliko makubwa yalitokana na kurudi mahali palepale. Mafanikio ya ridhaa, ya watoto wenye hofu, ya kofia za chuma, ya meno ya bandia na ya mzee wa warfarini yote yana mzizi huo, na ndiyo maana sioni sababu ya kuyachambua kimoja kimoja.

Kilichoshindwa kilitokana kwa sehemu na sharti la mfadhili. Kwa kuwa idadi ya watu walioonwa haikutakiwa kupungua, siku za vanishi shuleni ziliongezwa ili kuinua hesabu, maana mtoto anayepakwa vanishi kwa dakika mbili huhesabiwa sawa na mzee anayechukua saa nzima kupimwa taya. Hesabu hiyo ndiyo iliyowasukuma nje wazee wa vituo vya mchana kabla ya sababu nyingine yoyote iliyotajwa kikaoni. Taarifa iliyopaswa kudaiwa ni ya waliokamilisha matibabu waliyopangiwa, ikitenganishwa kwa watoto na wazee, pamoja na ya waliopewa rufaa na wakafika. Timu ilikuwa na takwimu hizo zote katika daftari la muuguzi na haikuwahi kuziweka mbele ya mfadhili.

Uozo wenyewe nao haukuguswa katika chanzo chake. Timu ilifundisha kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi ya kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, lakini shule zenyewe ziliendelea kuuza vitu vitamu getini, na pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2015 kwamba sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku lilibaki bango ukutani. Muuza vitafunio wa shule moja alikuwa mzazi wa wanafunzi wawili wa shule hiyo, na kumwondoa lilikuwa jambo ambalo mwalimu mkuu peke yake angeweza kuliamua.

Swali la gari lenyewe linabaki wazi. Katika nusu ya pili lilitumika zaidi kama ghala na chumba cha eksirei, na lifti yake ilitumika mara chache kwa kuwa ilihitaji uwanja tambarare ambao makao hayakuwa nao. Wanaolitetea husema kwamba linatoa faragha, mwanga na maji ambavyo darasa halina, na kwamba kumng'oa mtoto jino mbele ya wanafunzi wenzake si jambo la kulifanya. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kung'oa. Kwa kazi nyingine, timu inayoanza na yenye shule zilizo na chumba kinachofungwa na bomba la maji ingeweza kufanya sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa kwa viti viwili vya kukunjwa, seti za kutosha za vifaa na gari dogo la kuvibeba, na fedha iliyobaki ikalipa mshahara wa mtu wa kuzifuata familia za wazee wa vituo vya mchana nyumba kwa nyumba, akikusanya orodha za dawa kabla ya ziara ya kwanza.